Beki Aliyekuwa Akigeuza Shingo

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo imekataa kuzeeka pamoja nami. Magoti yangu yamechoka, meno yamepungua, na baiskeli niliyoendesha siku zile imebaki fremu tupu iliyoegemezwa ukutani, lakini Jumapili hiyo ningali naiona na jua lake na vumbi lake. Wakati huo nilikuwa kipa. Usicheke. Mikono hii unayoiona ikitetemeka na kikombe cha chai ilidaka mipira ya kona mbele ya Tororo nzima.

Walionirudisha huko ni ninyi wenyewe. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa pale stegi ya pikipiki karibu na mpaka, hapa Busia, nikimsubiri fundi amalize kushona kiatu changu. Vijana walikuwa wakibishana juu ya beki mpya wa timu ya Tororo, yule aliyetoka Ghana. Amecheza mechi tatu, na zote tatu zimemwendea vibaya. Nusu ya stegi ilisema apewe muda, mtu hajazoea hata chakula cha huku. Nusu nyingine ilisema apandishwe basi kesho asubuhi arudi kwao, ingawa sijui ni basi gani hilo linalofika Ghana. Kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha video. Tazameni, akasema, mpira uko hewani unakuja, yeye anageuza shingo kutazama nyuma. Beki gani anaogopa mpira? Watu wakacheka.

Kisha wakanikumbuka mimi. "Mzee Ochwo, si wewe ulikuwa kipa?" akaniuliza yule mwenye simu. "Tuambie basi. Huyu mutu najua mpira ama hajui?"

Niliitazama ile simu nikaona ile shingo inavyogeuka, na nikashindwa kujibu. Wakarudia swali kwa sauti ya juu zaidi, halafu wakaniacha, maana mzee asipojibu huhesabiwa kuwa kiziwi. Masikio yangu ni mazima, namshukuru Mungu. Nilinyamaza kwa sababu swali hilo niliwahi kuulizwa, hapo hapo Busia, nikiwa na umri kama wako, na nililijibu haraka sana.

Basi kaa nikueleze, na usinikate kauli, maana nikikatwa husahau nilipofika.

Siku hizo pikipiki zilikuwa chache. Sisi tulikuwa na baiskeli. Tulibeba watu kutoka forodha ya upande huu wa Uganda mpaka ile ya Kenya, abiria amekaa nyuma yako juu ya kiti cha sponji, mzigo wake mapajani, nawe unakanyaga huku ukikwepa malori. Ilikuwa kazi ya miguu, lakini zaidi ilikuwa kazi ya mdomo. Mama Msamia nilimwita kwa Kisamia, Mteso kwa Kiteso, Mjaluo kwa Kijaluo, na dereva wa lori aliyetoka popote pale nilimwita kwa Kiswahili, kwa sababu abiria asiyekuelewa hupanda baiskeli ya mwenzako. Nyumbani kwetu Mwello tulisema Kidhopadhola. Hili la lugha liweke moyoni, nitalirudia.

Timu yetu ilikuwa ya waendesha baiskeli na wachuuzi wa sokoni. Mlezi wake alikuwa Hajji Zubeiri, mfanyabiashara wa mahindi, mwenye ghala kubwa nyuma ya soko. Mpira hakuujua. Alipenda tu timu ya Busia ishinde, na aliyecheza vizuri alimpa kazi ya kupakia magunia na chumba cha kulala pale ghalani. Aliyecheza vibaya alikosa vyote viwili. Ndivyo ilivyokuwa na hakuna aliyeona ajabu.

Beki wetu wa kati alikuwa Owor. Huyo tulizaliwa kijiji kimoja huko Mwello, tukasoma darasa moja, tukafukuzwa shule wiki moja kwa kosa moja ambalo halikuhusu leo. Mimi golini, yeye mbele yangu, miaka sita. Mpira ukija juu nilimwita kwa lugha yetu, aache nidake au autoe mwenyewe, naye alikwisha fanya kabla sijamaliza neno. Wenzetu wengine uwanjani walisemeshana kwa Kiswahili, lakini mimi na Owor tulikuwa na mazungumzo yetu pale nyuma, na hakuna aliyetuingilia.

Ndipo akaja Amisi.

Alikuja na lori la mbao kutoka Kongo, upande wa Uvira, akiwa utingo. Lori likakwama mpakani kwa ajili ya makaratasi, siku nyingi, na jioni jioni utingo na madereva walicheza mpira kwenye uwanja wa kuegesha malori. Amisi alikuwa mrefu, mweusi tii, mpole wa macho, na akiruka kupiga kichwa ungedhani kuna mtu amemwinua kwa mikono. Hajji Zubeiri alimwona siku moja akipita na pikapu yake. Akashuka, akamuuliza kama angependa kubaki. Lori lilipopata makaratasi likaenda bila yeye.

Siku iliyofuata Owor aliambiwa akae benchi. Alivua jezi, akaikunja vizuri, akamkabidhi Amisi kwa mikono miwili, akaja kukaa kando ya uwanja na kung'oa majani. Mimi nilimwangalia kutoka golini nikasikia uchungu kana kwamba ni mimi niliyevuliwa. Nikaapa moyoni, bila kuulizwa na mtu, kwamba huyu mgeni hataona raha mbele yangu.

Nataka uelewe nilivyofanya, kwa sababu halikuwa jambo kubwa. Sikumtukana, wala kumpiga kiatu mazoezini kama wengine wanavyofanya. Niliendelea tu kuita kwa Kidhopadhola. Mpira ukija juu nilipaza sauti kwa lugha ya Mwello, aache au atoe, naye Amisi hakujua hata neno moja la lugha hiyo.

Mechi ya kwanza tulifungwa mabao mawili. Mpira wa kwanza nilimwita aache, yeye akaupiga, ukanigonga begani ukaingia. Wa pili nilimwita autoe, akaniachia mimi. Baada ya mchezo alinifuata kwenye bomba la maji lililo nyuma ya goli, tukinawa miguu. Alisimama kidogo akiosha kiatu kilichokwisha takata.

"Ndugu," akaniambia kwa kile Kiswahili chao cha Kongo, "ile luga yako miye siijue bado. Uniite na Kiswahili tu, nitasikia."

Nikamjibu kwamba sawa. Nilimjibu kwa Kiswahili kizuri kabisa. Asubuhi ile ile nilikuwa nimembeba dereva wa kutoka kwao mpaka forodhani, tukicheka njia nzima. Lakini mechi ya pili nikaita vile vile kama zamani. Moyoni nilijiambia kwamba mtu akija kwetu ajifunze ya kwetu. Kumbe Busia hata Kidhopadhola si lugha ya wenyewe, ni lugha ya sisi tuliotoka Mwello na Rubongi, lakini mtu akitaka sababu ya ubaya wake haikosi kupatikana.

Hapo ndipo Amisi alipoanza kugeuza shingo. Mpira ukiwa hewani alitupa jicho nyuma mara moja, haraka, kuitazama mikono yangu. Alikuwa akijaribu kusoma kwenye mikono kile alichokosa kwenye sauti. Nikiinyoosha mbele alijua nadaka, nikiishusha alijua ni wake. Mara nyingine alipatia, akatoa mpira vizuri mno. Mara nyingine jicho lile moja la nyuma lilimchelewesha, na mshambuliaji alikwisha pita.

Na mashabiki waliona shingo tu.

Baraza la mashabiki lilikuwa kwa Wandera, fundi wa pancha, pale pale kwenye stegi yetu. Wandera alikuwa na beseni la maji la kutafutia tundu kwenye mpira wa ndani, na mdomo usiopumzika. Kila Jumatatu watu walijaa hapo. Walibishana juu ya Amisi mpaka wengine wakasahau abiria. Waliomtetea walisema ana mwili, ana kichwa, ana miguu, na kwamba mtu mwenye wiki tano huwezi kumpima. Waliomkataa walisema hiyo shingo ni shingo ya mwoga. Wandera alikuwa wa hao. Alisema amemhesabu, katika mechi moja amegeuka nyuma zaidi ya alivyotazama mbele, na kwamba huko Kongo labda mpira huja kutoka nyuma. Tulicheka. Nami nilicheka, mwanangu, na mimi peke yangu pale nilijua anatafuta nini huko nyuma.

Si kweli. Alikuwepo mwingine aliyejua, sema hakuwa kwenye baraza. Mama Athieno, mama wa makamo kutoka Rubongi, alikuwa akiuza karanga na miwa kwenye mechi zetu zote, na mahali pake palikuwa nyuma ya goli langu, kwa sababu pana kivuli cha ukuta. Alisikia kila neno nililoita, na Kidhopadhola ni lugha ya mama yake. Aliniuzia karanga kama kawaida, ila aliacha kuniongezea.

Sasa ndiyo ile Jumapili. Tulikwenda Tororo kucheza na timu ya huko. Uwanja ulijaa, watu wengine wamepanda kwenye malori yaliyoegeshwa kando, na ule Mwamba wao, mlima wa jiwe tupu, umesimama juu yetu sote. Mama Athieno naye alikuwepo na beseni lake la karanga, nyuma ya goli, kwa kuwa Tororo na kwao Rubongi ni jirani. Hajji Zubeiri alikuja na pikapu iliyojaa mashabiki. Tulikuwa sare mpaka dakika za mwisho. Amisi alicheza siku ile jinsi sijaona beki akicheza. Alitoa mipira ya juu, ya chini, alimpokonya mshambuliaji wao mpira mara tatu bila kumgusa mguu. Nilianza kumpenda, nakuambia ukweli, na jambo hilo likaniudhi.

Kisha ukaja mpira mrefu kutoka kati. Ulikuwa wangu kabisa. Nikatoka golini, nikamwita aache. Nilijua neno la Kiswahili. Ni silabi mbili. Lilikuwa mdomoni kabisa, na siku ile nadhani nusu yangu ilitaka kulisema. Nikamwangalia Owor kule benchi, nikaita kwa Kidhopadhola.

Amisi aligeuza shingo. Mimi nilikuwa nikikimbia, mikono haikuwa imetulia mahali pa kusomeka. Hakujua. Akajaribu kuupiga kwa kichwa, mpira ukamgusa sikioni, ukanipita mimi niliyekwisha toka, ukadunda mara mbili ukaingia. Uwanja wote wa Tororo ulipiga kelele. Yeye alibaki amechuchumaa, mikono kichwani. Wenzangu walimpita bila kumgusa, nami nikampita.

Jumatatu yake baraza kwa Wandera halikuwa na nafasi ya kusimama. Bado walikuwepo wa kumtetea, wakikumbusha mipira yote aliyotoa kabla ya ule mmoja. Hajji Zubeiri alisimamisha pikapu, akashuka, akasikiliza pande zote akiwa ameshika tasbihi yake. Niliona anayumba. Alikuwa mtu wa haki, na alimpenda Amisi kwa ajili ya kazi yake ghalani. Tena Amisi alikuwa amemwambia kwamba ametuma ujumbe kwa madereva, mke wake aje na mtoto. Kila mtu pale alijua hilo. Kumkataa Amisi kulikuwa ni kumtoa kazini na chumbani.

Wandera akainua uso kutoka kwenye beseni. "Hajji, sisi tuko inje," akasema. "Uliza Ochwo. Ye nasimama nyuma yake kila siku. Ye ndio najua."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika pampu, najaza upepo gurudumu la mbele.

"Ochwo, sema kwa Mungu wako," Hajji akaniambia. "Kijana anafaa?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema, Hajji, mpira ule ulikuwa kosa langu. Nilijibu hivi:

"Mimi namwita kila mara, Hajji. Yeye hafanyi ninavyomwita."

Hilo tu. Hakuna neno la uongo ndani yake. Lichunguze upande wowote utakao, kila neno ni kweli. Nilimwita, naye hakufanya. Nimekuwa mzee nikitafuta uongo katika sentensi ile ili nipate kuukiri, na siupati, na kwa sababu hiyo imekuwa nzito kuliko uongo wote niliowahi kusema.

Hajji alishukuru, akapanda gari. Mchana ule Amisi aliambiwa.

Alipita stegi kesho yake asubuhi na begi lake dogo. Alikuwa amepata lori la kwenda upande wa Mombasa. Alimshika kila mtu mkono, hata Wandera, ambaye ghafla alikuwa na tundu la kulitafuta ndani ya beseni. Aliponifikia alinishika mkono kwa muda mrefu kidogo. "Ulijaribu, ndugu," akaniambia. "Luga ndiyo ilinishinda." Kisha akaelekea mpakani, na mtu mwingine kabisa ndiye aliyejitolea kumbeba kwa baiskeli, maana mimi nilijifanya nakaza nati.

Kama yangeishia hapo labda ningesahau. Ujana husahau upesi. Lakini siku kumi hazikupita, asubuhi moja mabasi ya Kampala yamefika, nikasikia naitwa. Waendesha baiskeli wenzangu walikuwa wamemzunguka mwanamke mgeni mwenye mtoto mgongoni na kikapu kichwani. Alikuwa akiuliza anapoishi Amisi, beki. Hakuna aliyetaka kumwambia. Wakamsukumia kwangu, wakisema huyu kipa ndiye mwenzake, atakupeleka.

Nikampakia. Ulitaka nifanye nini? Jina lake Zaina. Alikaa upande upande kama wanawake wanavyokaa, mtoto mgongoni, kikapu chenye dagaa wakavu wa kwao mapajani. Nikakanyaga kuelekea sokoni bila kujua nampeleka wapi. Yeye alifurahi. Alizungumza njia nzima. Akaniambia Amisi alimtumia habari zangu kwa dereva. Eti hapa kuna kipa mwenye sauti kubwa, anamwitaka sana, hachoki kumwita, ni yeye tu Amisi hajashika bado luga ya hapa, lakini akiishika watacheza vizuri pamoja. Akacheka. Akasema Amisi alikuwa akijifunza maneno ya kwetu kila jioni kwa wapakiaji wa magunia, ila wao walikuwa Wasamia, wakamfundisha Kisamia.

Nilisimamisha baiskeli, nikamwambia mnyororo umetoka. Haukuwa umetoka. Niliinama nikaushika shika mpaka vidole vikajaa mafuta.

Nilimpeleka kwa Mama Athieno, kwa sababu sikuwa na pengine. Mama alikuwa akikaanga karanga mbele ya nyumba yake. Alimtazama mgeni, akamtazama mtoto, hakuhitaji kuambiwa. Akampokea kikapu, akamketisha, akampa maji. Kisha akaniita nyuma ya nyumba. Alisema nami kwa Kiswahili, kusudi, yeye ambaye siku zote alinisemesha Kidhopadhola kama mwanawe.

"Ochwo," akasema, "mtu akiwa abiria wako unamwita na lugha yake, apande. Huyu hata hakukwambia uache lugha yako, alikuomba neno moja tu la Kiswahili. Nilikaa nyuma yako. Nilisikia yote. Sasa ingia ndani, mwambie huyu mtoto wa watu mume wake ako wapi."

Sikuweza. Nisikufiche, mwanangu, sikuweza. Nilipanda baiskeli nikaondoka, na Mama Athieno ndiye aliyemwambia. Zaina alikaa kwake siku kadhaa, akapata lori, akaamua kumfuata mumewe upande wa Mombasa. Kabla hajaondoka alimwachia Mama dagaa wa kunipa mimi, shukrani ya kubebwa. Mama alinikabidhi. Mama yangu mzazi aliwapika, akawasifu sana, akaniuliza mbona sili.

Kama walionana au hawakuonana, sijui. Kwa miaka mingi niliuliza kila dereva aliyetoka Uvira. Wengine walisema akina Amisi kwao ni wengi kuliko mbao. Nami niliendelea kuuliza, mpaka madereva niliowajua wakaacha kazi, wakaja wengine vijana wanaonitazama kama anayeota mchana.

Na Owor, ambaye nilidhani nayafanya yote kwa ajili yake? Alirudi kwenye nafasi yake. Siku moja nilimwambia kila kitu, nikitegemea labda atanishukuru kidogo, au anilaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia goti lake lilikuwa likimuuma mwaka mzima, kwamba siku alipokabidhi ile jezi alilala vizuri. "Mimi sikukuomba," akasema. Tulibaki marafiki mpaka tulipomzika Mwello, lakini neno hilo halikuondoka kati yetu.

Basi Jumamosi hii, baada ya ile video yenu, nilipanda taksi nikaenda Tororo. Vijana wa getini walitaka kunipeleka kwenye viti vya wazee, nikakataa, nikaenda kukaa nyuma ya goli. Nilitega sikio. Kipa wao ni kijana hodari, mikono mizuri kuliko yangu, na anaita kwelikweli. Anaita kwa Luganda. Yule wa Ghana, kila mpira ukipaa, anageuza shingo.

Mchezo ulipokwisha nilimwita yule kipa kwenye nyavu, nikamuuliza kama anajua Kiingereza. Akacheka, akasema nani asiyejua, mzee. Nikamwambia basi, beki wako naye anakijua. Aliendelea kuvua glavu zake, kidole kimoja kimoja, akimtazama yule beki aliyekuwa amekaa peke yake akifungua kamba za viatu. Sijui atafanya nini. Na nisiwe mwongo, inawezekana huyo kijana wa Ghana hajui mpira kweli. Mabeki wabovu wapo, hata wageni. Ila hilo hatujalijua bado, na ninyi stegini mmekwisha lipitisha.

Kwa hiyo hili ndilo nililokuwa nalo, mwanangu, nakupa lote. Ukimwona mgeni anakosea, usianze na miguu yake. Nenda ukakae nyuma ya goli kwanza, usikie anaitwaje na nani anamwita. Na ikiwa wewe ndiwe unayemwita, mwite kwa neno analolijua, hata kama amekaa kwenye kiti cha rafiki yako, hata kama moyo wako unauma. Usijifanye unampigania mtu ambaye hakukutuma. Na siku utakayoulizwa habari za mtu mbele za watu, nawe unajua zaidi ya unavyotaka kusema, sema yote, na sehemu yako iseme mwanzo. Ukweli ukiukata nusu ukaisema ile nusu isiyokugusa, mwenzako atabeba begi lake avuke mpaka, na huna lori la kumrudishia.

Sasa nisaidie kusimama, haya magoti. Mungu akupe sauti, na akupe moyo wa kuitumia kwa wakati wake. Akulinde ugenini kama nyumbani. Na siku utakayokuwa wewe ndiwe mgeni, mpira uko hewani na hujui wa nani, usilazimike kugeuza shingo. Awepo mtu nyuma yako akuite, usikie.